Chipu Inayopima Joto ya Ordinateri

Ubao mkuu wa ordinateri iko na chipu ndogo inayopima joto, mwendo wa ventilateri na nguvu ya umeme. Lakini haisemi luga ya machini. Inahitaji mkalimani, ni programu inayoitwa draiva. Katika Linux, draiva nct6775 inatumikia chipu nyingi za Nuvoton. Chipu mpya ikitokea, fundi anasoma kitabu chake, anaongeza namba yake ya kuitambulisha na mahali pa kila kipimo. Asikisie! Kuandika mahali pabaya kunaweza kusimamisha ventilateri. Hapa Golf vumbi ya kiangazi inaziba ventilateri. Bila mkalimani, tutajua tu wakati machini inazimika. Basi tuandike amri «sensors», tusome joto, tusafishe mapema.