Gari Linachemsha? Uliza Kwanza Lini
Ukinunua Corolla 110 iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu wanne, usishangae ukikuta haina themostati. Mwenye gari wa zamani alilipeleka gereji likichemsha, fundi akaing'oa, akafunga mpira wa maji, akasema: "Bosi, huku kwetu joto, hiki kidude ni cha nchi za baridi." Gari likatulia. Baada ya muda likaanza tena, na safari hii ikauzwa rejeta mpya.

Maneno ya fundi yanaingia akilini kwa urahisi. Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, basi ukiitoa, si yatapita muda wote? Tatizo ni kwamba injini ya 5A iliyomo kwenye Corolla hiyo haikujengwa hivyo. Themostati yake ina vali mbili. Maji yakifika kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi, vali kubwa huanza kufungua njia ya rejeta, na ile ndogo huanza kuziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi daima. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Panda mlima wa Kitonga na abiria wanne na mizigo, uone: sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila hata kuiona rejeta, na mshale unapanda. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinaonya kwamba kuiondoa kunapunguza upoaji.

Mimi nina sababu nyingine ya kukataa themostati itolewe. Gari lisilo na themostati linakuficha ugonjwa wake, na kwenye kuchemsha, ushahidi mkubwa ni wakati. Kabla ya kushika spana, mwulize dereva: linachemsha lini?

Kama linachemsha kwenye foleni, kisha likishika mwendo linapoa, tatizo ni hewa. Likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Washa AC uangalie, maana kwa kawaida feni inatakiwa izunguke papo hapo. Isipozunguka, weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni, mikono ikiwa mbali na mapanga. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990 feni inapaswa kuanza soketi ikitoka. Ikianza, mota na rilei ni nzima, mbaya ni swichi. Isipoanza, angalia fyuzi, rilei, halafu kaboni za mota. Mark II yenye feni inayoendeshwa na mkanda ni habari nyingine: zima injini ikiwa ya moto, sukuma panga kwa mkono. Likizunguka lenyewe mara kadhaa bila ukinzani, mafuta mazito ya ndani ya klachi yake yamekwisha. Na usisahau kumulika tochi katikati ya kondensa ya AC na rejeta. Vumbi na majani hujazana hapo, na ukitazama kwa mbele unaona kusafi kabisa.

Kama linachemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, feni iache. Hapo maji hayapiti ya kutosha. Pwani ninaanza kushuku rejeta, kwa sababu watu wanajaza maji ya kisima yenye chumvi miaka nenda rudi, na ukoko unaziba vijia vya ndani. Gari likiwa limezimwa na bado lina joto, pitisha kiganja kwenye uso wa rejeta: palipo baridi kuliko pengine pameziba. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa, zikazibuliwa kwa vyuma vyembamba. Hizi za alumini zenye matanki ya plastiki ni afadhali kubadilisha.

Kama maji yanapungua na huoni yanapovujia, anza na kitu cha bei rahisi, mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima hushikilia shinikizo la kama ba 0.9, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mfuniko ukiwa na raba iliyokauka, shinikizo linatoka. Dar es Salaam maji yatachemka kwenye 100. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, yatachemka kwenye 94 hivi, na hilo ni joto ambalo injini nzima inaweza kulifikia ikiwa kazini. Gari lililokuwa likivumilia pwani linaanza kurusha maji nyanda za juu, na gasketi inasingiziwa bure.

Gasketi ya silinda hedi ina dalili zake. Asubuhi injini ikiwa baridi, funga mfuniko, washa, bana mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, maji yakiwa hata hayajapata vuguvugu, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inaongeza ushahidi. Hedi ikitolewa, usikubali irudishwe bila kupimwa kwa rula ya chuma na vipimo vya fila. Kwa injini hizi kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, jicho haliwezi kuona. Fundi anayeisugua kwa msasa juu ya kioo anakurudishia kazi ileile.

Unapofunga themostati mpya, pini yake ndogo inayochezacheza ikae juu, hewa ipitie hapo. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Acha injini ingurume mfuniko ukiwa wazi, ukibanabana mpira wa juu mpaka mapovu yaishe na feni iwake yenyewe. Kesho yake, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie. Maji yakiwa yameshuka, ongeza, na urudie kuangalia keshokutwa.