Kisima cha wanyama na mashimo ya Misisi

Jua lilikausha mito yote. Wanyama wakakaa kikao, wakakubaliana kuchimba kisima. Sungura peke yake alikataa. Lakini siku maji yalipotoka, njo yeye alianza kunywa, usiku, tena akayachafua. Wakaweka mlinzi: akaonjeshwa asali, akakubali kufungwa kamba ili apewe ingine. Wa pili vilevile. Mwishoni Kobe, mdogo wa wote, alijipakaa ulimbo mgongoni, akajificha ndani ya maji. Sungura alipokanyaga, akanata.

Hadisi hii inajulikana kwa namna nyingi, mpaka Afrika ya Kusini. Sisi wa kazi ya mashimo ya zahabu hapa Fizi tunaisikia kwa sikio letu. Mwenye kushuka chini ndani ya matope anabakia na kidogo. Asiyeshika hata sururu anakunywa wa kwanza. Na asali tunaijua: siku hizi inatembea ndani ya bahasha. Hadisi haisemi Sungura auawe. Inasema mlinzi awe ule asiyenunuliwa, hata akiwa mdogo.

Tena haiulizi kabila. Wote walikuwa na kiu, wote wakachimba. Kwetu, tangu vita vya 1964, tena 1996 na 1998, mpaka leo, Mubembe, Mufuliiro, Mubuyu na Munyamulenge wote wamezika watu.

Kwa hiyo tusikilize pia Wanyanga wa Walikale na hadisi yao ya Mwindo, ile Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walitoa kwa kitabu mwaka 1969. Chifu Shemwindo hakutaka mtoto mwanaume. Mwindo alipozaliwa, baba akamuzika muzima. Alipotoka, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Mtoto akaokoka, akamufuata baba mpaka chini ya udongo. Alipomukamata, hakumuua. Baba aliungama mbele ya watu wote, kisha wakagawana utawala. Kuungama kwanza, kugawana nyuma: mikutano mingi ya amani inaruka hatua ile ya kwanza.

Wazazi wa Baraka, na ninyi mlioko kambini Nyarugusu, jioni kisha bukari na ndagala, wapeni watoto hadisi hizi, kwa Kibembe ao kwa Kiswahili. Na sisi wachimbaji, mbele ya kutia sahihi kwa karatasi yoyote ya shimo, tuulize: nani analinda kisima, na asali inatoka wapi?