HOMA ISIYOSIKIA DAWA YA MALARIA

Ndugu wafanyakazi,

Huku kwetu Busia na Tororo kila homa tunaiita malaria. Mwenzetu hunywa dawa, hupata nafuu, kisha homa humrudia na jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu unaomfanya msimamizi amwite mvivu. Wiki zikipita hivyo, tufikirie bruselosisi, yaani ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Viini vyake viligunduliwa na daktari David Bruce huko Malta mwaka 1887. Vinakaa katika maziwa mabichi, na katika damu na kondo la mnyama mgonjwa. Humwingia mtu kwa kinywa, kwa macho au kwa jeraha la mkono. Ndiyo maana wenzetu wa machinjioni wamo hatarini zaidi. Na ng'ombe mgonjwa akivuka mpaka, ugonjwa huvuka naye.

Basi tufanye hivi. Maziwa yote yachemshwe, hata ya kugandisha. Ndama aliyetupwa na kondo lake visishikwe kwa mikono mitupu; vizikwe. Homa ikizidi wiki mbili, tuombe kupimwa damu. Tiba ipo: dawa za aina mbili pamoja, kwa wiki sita. Anayeacha katikati hurudiwa.

Glavu, aproni na mabuti ya mpira si zawadi ya mwajiri. Sheria za usalama kazini, ya Uganda ya 2006 na ya Kenya ya 2007, zinamtaka avitoe. Tuvidai kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu!