Mkulima wa Mbooni na Tawakali ya Wayahudi

Vijana wetu huambiwa kila siku wajiamini: wanapotafuta kazi, wanapopanda jukwaani, hata wanapokwenda kuposa. Ni nasaha njema, lakini haijasema mtu ajiamini kwa lipi. Kwa nguvu zake? Nguvu huisha. Kwa mali? Hilo waulizwe wazee wa Ukambani. Mvua zilipokosekana mwaka 1984, njaa iliyofuata waliipa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nafa na huku nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Mtu alikuwa na noti mkononi, na dukani hamna unga.

Basi tuipande milima ya Mbooni, huko Makueni. Kabla ya vuli, mkulima wa huko huchukua mbegu aliyoinyima tumbo lake, akaifukia katika vumbi kavu, na mbinguni hata wingu hamna. Mvua ikinyesha siku mbili ikakata, mbegu huota kisha ikafa. Hata hivyo anapanda, maana msimu wenyewe ni mfupi na anayengoja ardhi ilowe huchelewa.

Mkulima huyu, ambaye yaelekea ni Mkristo na pengine hajapata kuonana na Myahudi, ndiye mfano walioutumia wanazuoni wa Kiyahudi kuelezea imani. Sheria zao za mapokeo zina sehemu sita. Katika Talmudi ya Babeli kila sehemu imefananishwa na sifa njema, na ile ya Mbegu, yenye hukumu za kilimo, ikaitwa Imani. Kwa nini? Baadhi ya wafasiri walijibu kwamba mpanzi humtegemea Mola Aliye Hai, ndipo akapanda.

Jambo hili lilichambuliwa zaidi na Bahya ibn Paquda, Myahudi wa Zaragoza katika Andalusi ya karne ya 11. La kupendeza kwetu sisi watu wa pwani ni kwamba kitabu chake, Al-Hidaya ila Faraid al-Qulub, alikiandika kwa Kiarabu, na mlango wake wa nne ni wa tawakkul, neno lile lile letu. Asema mwenye kumtegemea Mungu huwa huru mbele za watu. Hana haja ya kumsifu tajiri kwa uongo, wala hatetemeki akitakiwa kusema kweli. Amlinganisha na yule ajuaye kugeuza madini yawe dhahabu, akaona mwenye tawakali amemshinda kwa mambo kumi. Mwenye dhahabu hukosa usingizi kwa kuhofia siri yake isivuje. Huko ndiko kujiamini, nako ni mbali na kujiona.

Wala Bahya hakuruhusu uvivu. Mkulima alime, apalilie, apande, kisha ategemee. Sisi tuliofunzwa kumfunga ngamia kwanza hatutaona ugeni hapo.

Mbooni nako hawakai bure. Vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, huchimba mitaro kukata mteremko, na udongo wakautupa upande wa juu uwe kingo. Kazi hiyo imeingia katika vitabu vya wataalamu wa kilimo ulimwenguni kwa jina la Kiswahili kitupu: fanya juu. Huchimbwa kiangazi, jua likichoma migongo, na maji ya kuzuiwa bado hayajaonekana.