Mchikichi na Fukusi Wake

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi wanaokaribia kustaafu wamekuwa wakituuliza mara kwa mara swali moja: je, kiinua mgongo chao wakitie katika michikichi? Swali hili ni la busara, maana mchikichi si mahindi. Mahindi yakikudanganya msimu huu, waweza kujaribu kitu kingine msimu ujao. Bali mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, nao huendelea kuzaa kwa muda wa miaka 25. Aliyekosea mahali pa kuupanda atakaa na kosa lake mpaka uzee. Kwa hiyo leo tumeona yafaa tuzungumze juu ya mti huu, na hasa juu ya kidudu kimoja ambacho wakulima wengi hupita karibu nacho bila ya kukitambua.

Yafaa kwanza tuyaelewe maua. Mchikichi mmoja hutoa maua ya kiume na maua ya kike, lakini hauyatoi pamoja. Kwa kipindi fulani mti hutoa mashada ya kiume tu, kisha hubadilika ukatoa ya kike, kisha hurudia. Mashada ya kike yanapokuwa tayari kupokea chavua, yaani lile vumbi la manjano litokalo katika maua ya kiume, mti wenyewe kwa kawaida hauna chavua ya kujipa. Ni lazima itoke kwenye mti mwingine, na ni lazima ifike upesi, kwa sababu ua la kike hungoja siku mbili au tatu tu. Likikosa, hakuna chikichi. Mkungu hukua ukiwa na mapengo, na pengine huoza kabla ya kuiva.

Ni nani basi aipelekaye chavua hiyo? Kwa muda mrefu wataalamu walisadiki kwamba ni upepo, na imani hiyo iliwagharimu sana wakulima wa nchi za mbali.

Mchikichi ni mti wa Afrika. Kwao ni misitu ya Afrika ya Magharibi na bonde la Kongo. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, katika kisiwa cha Java, na kutoka huko uzao wake ulienea katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara lilipandwa Selangor, katika nchi iitwayo leo Malaysia. Ardhi ya huko ilikuwa njema, mvua ilikuwa tele, na miti ilistawi. Hata hivyo mikungu ilikuwa na mapengo. Wenye mashamba walilazimika kuajiri vibarua wengi wa kupita mti kwa mti, wakibeba chavua na kuipuliza kwa mikono juu ya maua ya kike, siku baada ya siku. Hebu fikirini kikosi kizima cha watu kinachofanya kazi ambayo huku kwetu Afrika haikuhitaji mtu hata mmoja!

Aliyeishangaa tofauti hiyo ni Leslie Davidson wa kampuni ya Unilever, ambaye alikuwa amefanya kazi Kameruni kabla ya kwenda Malaysia. Kule Kameruni hakuona vibarua wa chavua, na mikungu ilijaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistani, Rahman Syed, alitumwa Kameruni kuchunguza. Akaona kwamba maua ya kiume ya mchikichi yamejaa vidudu vidogo vya rangi ya kahawia iliyoiva, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita tatu au nne, jamaa ya fukusi watoboao mahindi katika maghala yetu. Kitaalamu aliye hodari kupita wote huitwa Elaeidobius kamerunicus.

Mwenendo wa fukusi huyu ni wa ajabu, nasi twapenda kuueleza kwa urefu kidogo. Shada la kiume likifunguka hutoa harufu tamu yenye ukali, inayofanana na ya mbegu za shamari. Fukusi huifuata kwa maelfu. Hula humo, hujamiiana humo, na majike hutaga mayai humo humo. Mabuu yakitoka hula mabaki ya maua yaliyokwisha kazi yake, na baada ya majuma mawili hivi kizazi kipya huruka. Ua la kike halina chakula cha kuwapa. Lakini nalo hutoa harufu ile ile, kwa vipindi. Fukusi huja wakidhani wamefika nyumbani, mwili wao ukiwa umetapakaa chavua. Wakigundua kwamba hakuna kitu huondoka, na chavua hubaki. Kwa lugha yetu ya kambini tungesema ua la kike limewapigia baragumu ya chakula, nao wakakuta sufuria tupu.

Syed alijaribu fukusi hao kwenye mimea mingine akaona kwamba hawawezi kuzaana pengine ila katika maua ya kiume ya mchikichi. Baada ya uchunguzi huo waliruhusiwa kuingizwa Malaysia, na mwezi wa Februari 1981 waliachiliwa katika shamba moja la Johor. Walienea upesi mno. Mikungu ikawa mizito, na haikupita miaka mingi kazi ya kupuliza chavua kwa mikono ikakoma. Mashamba yale yalikuwa yamemkosa mdudu huyu kwa muda wa miaka 64.

Basi mtu asije akasema: kama ni hivyo, sisi tulio jirani wa Kongo tupande popote, mdudu yupo. La. Tunamfahamu koplo mmoja mstaafu aliyenunua ekari kadhaa katika nchi ya malisho, mahali pakavu, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Miti yake ilikua, akafurahi. Ilipoanza kutoa maua akafurahi zaidi. Lakini mashada yalikuwa ya kiume, na yaliyofuata yalikuwa ya kiume, na mwaka uliofuata vilevile. Mchikichi ukikaa na kiu huacha kutoa maua ya kike. Hapo hata fukusi wangejaa kama nzige, wangekuwa na chavua ya kupeleka, wala pasingekuwa na pa kuipeleka.

Mti huu wataka mvua ya milimita 1,800 au 2,000 kwa mwaka, iliyogawanyika vizuri, pasipo kiangazi kirefu kupita miezi miwili au mitatu. Wapenda joto na nchi za chini. Kadiri upandavyo mlimani ndivyo uchelewavyo kuzaa. Hapa kwetu Uganda, bonde la Semuliki, lililo karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, ni ncha ya mashariki ya misitu ile ile ya Kongo ambayo ni kwao mchikichi. Visiwa vya Ssese viko juu zaidi, lakini mvua ya ziwa huvisaidia, na ndiko mashamba makubwa yalikopandwa tangu miaka ya 2000. Ni kweli vilevile kwamba katika kisiwa cha Bugala msitu mwingi ulifyekwa kwa ajili ya mashamba hayo, jambo ambalo hatuoni sababu ya kulirudia pengine. Msitu wa Semuliki umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, na mtu asiutazame kama akiba ya viwanja. Atakaye kupanda na atafute ardhi iliyokwisha kulimwa, pembezoni mwa msitu na si ndani yake.

Kwa aliyekwisha kupata mahali, yako mambo ambayo hayagharimu fedha. Miti michanga ya mbegu za kisasa hutoa mashada mengi ya kike na machache ya kiume, kwa hiyo fukusi hukosa pa kuzaliana wakati ule ule wanapohitajiwa zaidi. Mwenye michikichi ya zamani karibu na shamba asiharakishe kuikata. Shada la kiume lililonyauka lisikatwe na kuchomwa moto kwa ajili ya usafi, maana ndilo chumba cha uzazi. Dawa ya wadudu isinyunyizwe juu ya maua yaliyofunguka.

Kabla ya kulipa hata shilingi, nenda asubuhi, jua likiwa limepanda, ukasimame chini ya mchikichi wa jirani wenye ua la kiume lililofunguka. Vuta pumzi. Kisha weka karatasi nyeupe chini ya shada, ulitikise, uhesabu wangapi wameanguka.

Yule koplo amebakiza miti minane, iliyo kando ya kijito. Hiyo inazaa. Mahali pengine pote sasa pana mihogo.