Simu ya Kwanza ya Mfanyakazi wa Jamii

Mwaka 2020, korona ilipozuia watu kukutana, mashirika mengi yalianza kuwahudumia wakimbizi kwa simu. Sehemu nyingi utaratibu huo umebaki. Lakini kumweleza shida zako mtu ambaye hujawahi kumwona si jambo dogo.

Anayekupigia anapaswa kutaja jina lake, shirika lake na sababu ya kukupigia. Kabla ya swali lingine akuulize: "Uko peke yako? Unaweza kuongea?" Yeye haoni kwamba mume yuko karibu, au kwamba simu ni ya jirani na ukuta ni turubai. Mwambie. Pangeni saa nyingine, na neno la siri: ukilitaja, ajue kuna mtu anasikia, abadilishe mazungumzo.

Akueleze pia kwamba atatunza siri yako, isipokuwa maisha yako, ya mtoto au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Ukipenda kuongea uso kwa uso, sema. Kukataa simu kusikunyime msaada.

Akikuomba pesa au namba ya siri ya simu yako, kata. Huduma hii ni ya bure.