Januari ya Waliofiwa

Rwanda imeipa huzuni yake ya taifa tarehe. Kila ifikapo 7 Aprili, nchi huanza kuwakumbuka Watutsi waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Bendera hushushwa nusu mlingoti, muziki wa starehe hunyamaza, na mjini Gisenyi watu huenda Commune Rouge, kwenye makaburi ambako ndugu na majirani zao waliuawa. Washauri nasaha hukaa karibu, kwa sababu inajulikana kuwa wapo watakaozidiwa. Anayelia mwezi wa Aprili haulizwi ana nini.

Januari haina mpango huo. Tarehe 1 na 2 zote ni sikukuu, na Gisenyi ni mji ambao wengi huupenda kwa mapumziko: ufukwe wa Ziwa Kivu, dagaa wa kukaanga waitwao sambaza, watoto waliovaa nguo mpya, heri za mwaka kutoka kila mdomo. Aliyefiwa hupokea heri hizo hizo na kuzijibu kwa adabu. Lakini mwaka huu ndio wa kwanza ambao mtu wake hatauona hata siku moja. Hadi jana alisema, "Tumempoteza mwaka huu." Leo inambidi aseme "mwaka jana", na wafiwa wengi huhisi kana kwamba neno hilo linamsukuma marehemu mbali zaidi.

Wilayani Rubavu, ulipo mji huu wa Gisenyi, uchungu huu mara nyingi umekuwa wa mtaa mzima. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapasua mji wa Goma, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakiingia Gisenyi. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Huku Rubavu, mto Sebeya ulivunja kingo zake na kuingia majumbani watu wakiwa wamelala. Kisha ikaja Januari 2025. Waasi wa M23 na jeshi la Kongo walipokuwa wakipigania Goma, makombora yalianguka Gisenyi na kuua raia. Ng'ambo ya mpaka, waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Familia iliyozika wiki ile huvuka sikukuu ya mwaka mpya ikijua kwamba, kabla mwezi haujaisha, siku ya msiba nayo itarudi.

Desturi inajua kumbeba mtu katika siku za mwanzo. Katika ikiriyo, yaani matanga ya Kinyarwanda, majirani hukusanyika jioni baada ya jioni nyumbani kwa mfiwa. Huja na vinywaji, huja na fedha, na wengine huja na ukimya wao tu. Kisha matanga huondolewa, na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, hesabu inayofuata kifo chenyewe na isiyojali tarehe 31 Desemba. Tatizo ni kipindi kinachofuata, wageni wanapokuwa wamekwisha kwenda. Januari watoto wa Rwanda hurudi shule kwa muhula wa pili, karo inadaiwa, na anayehangaikia ada na madaftari sasa ni mmoja badala ya wawili. Upweke wa mfiwa una upande huu wa mfuko, na haustahili kusahauliwa.

Wako wanaomhimiza mfiwa "aanze upya" kwa sababu kalenda imebadilika. Wengine humtajia zile hatua tano za huzuni, kama ngazi ya kupanda na kumaliza. Elisabeth Kübler-Ross, aliyezieleza mwaka 1969, alizitoa kwa wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza jambo lililo karibu zaidi na maisha ya wafiwa: mtu huenda na kurudi, mara yuko kwenye machozi, mara yuko kwenye kazi za maisha mapya, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia. Kwa hiyo mjane anayecheka tarehe mosi hajamsaliti mumewe, na akilia tarehe mbili hajarudi nyuma.

Rwanda ina ushahidi wake wa nguvu inayopatikana watu wanapokaa pamoja. Januari 1995, mwaka mpya wa kwanza baada ya mauaji ya kimbari, wajane wapatao 50 waliunda chama cha AVEGA Agahozo. Hawakungoja machozi yakauke. Walikutana yakiwa bado yanatiririka, wakasaidiana kutafuta makazi, matibabu na haki. Mwaka 1996 wanafunzi walionusurika nao walianzisha chama cha AERG, ambamo vijana huunda familia mpya: mmoja hushika nafasi ya baba, mwingine ya mama, wengine huwa watoto. Mtoto asiye na wa kumtumia salamu sikukuu ikifika akapata mtu wa kumwita mzazi.

Ipo huzuni inayohitaji tiba. Katika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, majonzi makali yanayopita miezi sita, yakazidi kiasi kinachotarajiwa katika utamaduni wa mfiwa na kumzuia kuendesha maisha yake, huhesabiwa kuwa ugonjwa. Hospitali za wilaya nchini Rwanda, ya Gisenyi ikiwemo, zina huduma ya afya ya akili, na mhudumu wa afya wa kijijini anaweza kumwelekeza mtu huko. Anayezungumzia kujiua apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Kwa wengine wote, msaada wa Januari ni kurudi kwenye nyumba ile ya matanga wakati hakuna tena anayetarajiwa. Jirani anaweza kwenda wiki ya pili ya mwezi, pilikapilika za sikukuu zikiwa zimetulia, akabeba unga au mchango wa karo, na akamtaja marehemu kwa jina lake mbele ya watoto wake.